Mstaafu na Saa Zake

Mwezi huu nataka tuzungumze habari za mtu aliyemaliza kazi yake ya mshahara, akapewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani, akarudi nyumbani. Habari hizi zatuhusu sote: yule anayestaafu, na mkewe, na watoto wake, hata na sisi walimu ambao siku yetu ingali mbele. Nami sikuzisoma kitabuni; nimeziona kwa macho katika mitaa ya Kariakoo, karibu na bandari ya Dar es Salaam.

Jirani yetu mmoja alikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini. Kazi yake ilikuwa kusimama gatini na daftari yake. Mzigo ukishushwa auandike, na ukipungua aseme. Kwa miaka 31 aliamka saa kumi alfajiri, akavaa shati lililopigwa pasi tangu jana, akapita Gerezani kwa miguu mpaka lango la bandari. Makuli walimjua, madereva walimjua, hata wauza kahawa wa njiani walimtilia kikombe kabla hajafika. Alipotimiza miaka 60, umri ambao sheria ya utumishi yamlazimu mtu kustaafu, akaagwa kwa heshima, wala hakuna aliyemdhulumu haki yake.

Wiki ya kwanza alilala. Watu wakampongeza, wakasema, "Sasa pumzika, mzee." Wiki ya pili akaamka saa kumi kama desturi, akakaa kitandani gizani asijue afanye nini na asubuhi nzima. Mwezi wa tatu nalimkuta karibu na lango la bandari, amevaa shati lake la kazi, amesimama ng'ambo ya barabara, anawatazama wenzake wakiingia. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwalimu." Nikamwuliza, "Unamngoja nani hapa?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Simngoji mtu. Miguu imenileta."

Na nyumbani nako hapakuwa na amani. Mkewe huuza vitunguu na viazi Kariakoo, na kwa miaka yote ile ndiye aliyeitunza nyumba kwa utaratibu wake. Sasa mzee akaanza kukagua. Akahesabu sukari, akauliza mkaa umekwenda wapi, akataka kujua kwa nini chai yachelewa. Siku moja mama akaweka kikapu chini akamwambia, "Baba watoto, jiko hili si meli, wala mimi si shehena." Watoto wakacheka, lakini mzee hakucheka. Siku ile alikaa barazani mpaka usiku bila kusema neno.

Wasomaji wangu, mtu huyu alipungukiwa na nini? Si chakula, wala si nyumba. Tutazame maneno yetu wenyewe, maana lugha yetu ina hekima. Neno *kibarua* asili yake ni barua ndogo. Hapo zamani mtu wa kazi za kutwa alipewa kikaratasi kuwa hati ya kudai ujira wake. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Ndivyo tulivyo wengi wetu: karatasi ya kazi imetumeza. Siku inapochukuliwa twajitazama, na hatumwoni mtu.

Na neno *kustaafu* tumelitwaa katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuomba udhuru, yaani kuomba kuachiliwa kazi. Mzizi wake ni mmoja na ule wa neno *afya*. Basi mstaafu ni mtu aliyesamehewa saa za bwana wake, hakusamehewa maisha.

Tukumbuke tena kwamba siku ya kustaafu ni jambo geni katika bandari hii. Kabla ya gati za kina kirefu kufunguliwa mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari, na shehena ikaletwa pwani kwa matishali. Wachukuzi wengi waliajiriwa kwa kutwa. Leo ameitwa, kesho hakuitwa, na nguvu zikimwisha haitwi tena kabisa. Hakuna barua, wala mkono wa kwaheri. Watu hao walipogoma Septemba 1947, mgomo wao ukapanda reli hata miji ya bara. Mfuko wa akiba ya wafanyakazi uliwekwa kwa sheria mwaka 1964, nao ndio uliotangulia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kwa hiyo tusidharau malipo ya uzeeni; ni jambo ambalo babu zetu wengi hawakulipata.

Walakini sheria yaweza kumpa mtu fedha; haiwezi kumpa asubuhi. Twasikia mabishano mengi juu ya kikokotoo, yaani hesabu ya mafao. Kanuni zilizoanza Julai 2022 ziliweka mkupuo kuwa asilimia 33, na sehemu iliyobaki hulipwa kidogo kidogo kila mwezi; na mwaka 2024 serikali ikatangaza kuipandisha hata asilimia 40 kwa baadhi ya wastaafu. Mabishano hayo yana haki yake, kwani ni jasho la watu. Lakini nani amekokotoa saa? Haya, tuzikokotoe. Mtu afanyaye kazi saa 8 kwa siku, na kupoteza saa 2 njiani, kwa siku 5 za juma, ametoa saa 50. Kwa majuma 52 ni saa 2,600. Kutoka miaka 60 hata 70 ni saa 26,000. Huo nao ni mkupuo, tena hulipwa wote bila kukatwa. Na kama vile fedha isiyopangwa inavyotoweka, ndivyo saa zisizopangwa zinavyomla mwenyewe.

Sasa nirudi kwa jirani yetu. Akina mama wa sokoni, pamoja na mkewe, wana kikoba chao cha kuweka na kukopa. Hukutana kila Jumatano saa kumi na moja jioni uani kwa mmoja wao. Hesabu zao zilikuwa zimechafuka, wakaanza kutazamana kwa jicho baya. Wakamwomba mzee awashikie daftari. Akakataa. Akaniambia mimi kwa uchungu, "Mwalimu, mimi niliyehesabu shehena za meli nzima, leo nihesabu shilingi elfu mbili mbili za akina mama?" Nalimjibu, "Mzee, shehena ile ilikuwa mali ya nani?" Hakujibu. Lakini Jumatano iliyofuata akaenda, nadhani kwa sababu ya kuchoka kukaa tu.

Akaenda mara nne. Mara ya tano mvua ilinyesha sana, akasema moyoni mwake, Hawatanihitaji leo. Akakaa nyumbani. Hata saa kumi na mbili kasoro robo akasikia hodi mlangoni. Ni mtoto mdogo, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, amelowa miguu. Akasema, "Shikamoo, babu. Wamesema wanakungoja, hawawezi kuanza."

Baadaye mzee aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Tangu nitoke bandarini, hiyo ndiyo siku ya kwanza mtu kuuliza niko wapi."

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo ndilo hasa nataka kuwaambieni mwezi huu. Kazi haikumpa mzee yule mshahara tu, wala cheo tu. Ilimpa mahali ambapo asipofika hujulikana kwamba hakufika. Mtu hujijua kuwa yeye ni fulani kwa sababu yuko mtu amngojaye. Hiyo ndiyo njaa ya mstaafu. Mapumziko hayaishibishi, wala kiti kizuri barazani hakiishibishi.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walijifunza jambo hili kwa njia ya msiba. Soko kubwa liliposhika moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021, watu walipoteza mali, nasi tukawalilia kwa mali hiyo. Lakini mama mmoja mzee aliniambia kwamba mali si yote. Alisema, "Mteja wangu alijua kizimba changu hata akifumba macho. Sasa atanitafuta wapi?" Huyo hakustaafu, alistaafishwa na moto, lakini kidonda chake na cha karani wetu ni kimoja.

Labda mtu atasema, "Hayo ni ya wadogo, wakubwa hawana shida hiyo." Tumtazame Mwalimu Julius Nyerere. Alipoacha urais mwezi wa Novemba 1985 alikuwa na miaka 63. Uenyekiti wa chama aliendelea nao hata mwaka 1990. Kwao kulikuwa Butiama, na huko alilima. Aliongoza Tume ya Kusini, na katika uzee wake akazifasiri Injili na Matendo ya Mitume kwa tenzi za Kiswahili, zikapigwa chapa mwaka 1996. Lakini mimi sitaki mtazame ukuu wa kazi hizo. Tazameni jina. Ualimu wa kulipwa aliuacha Pugu, nje kidogo ya mji wetu, mwaka 1955. Urais nao ukapita. Hata alipofariki Oktoba 1999, watu walikuwa wangali wakimwita Mwalimu. Jina lile halikukaa mlangoni mwa ofisi, ndiyo sababu halikuondolewa pamoja na kibao.

Sasa niwape mashauri machache, kama yalivyonijia kwa kuwatazama majirani.

Kwanza, usingoje siku ya kuagwa. Mwaka mmoja kabla yake, tafuta jambo moja dogo lenye siku yake na saa yake, na watu watakaokungoja. Jambo moja latosha. Jirani yetu alianza na Jumatano peke yake. Sasa Jumatatu huwasaidia vijana wa duka kusoma hati za mizigo yao, na Ijumaa huwatembelea wenzake wagonjwa waliotoka bandarini. Siku zilizobaki hupumzika, na sasa pumziko lina ladha, maana lina mpaka.

Pili, usiuonee haya udogo wa kazi. Daftari ya kikoba si daftari ya meli, lakini kosa la shilingi elfu tano katika kikoba laweza kuwagombanisha marafiki wa miaka 20.

Tatu, usinunue jina kwa mkupuo. Nimeona watu wakitia fedha yote katika gari la abiria au duka, si kwa kuwa wanaijua biashara hiyo, bali wapate kuitwa tena bosi. Baada ya mwaka fedha imekwisha, na jina nalo limekwisha.

Nne, ewe mume, nyumba unayorudi ina mwenyewe. Mkeo ameiongoza miaka yote ulipokuwa hupo. Ingia kama mgeni mwenye adabu, uulize, "Mama watoto, nikusaidie wapi?" Mzee wetu sasa hubeba gunia la vitunguu alfajiri pamoja na mkewe mpaka sokoni. Yaani ile saa kumi iliyomtesa imepata kazi yake.

Tano, kwa akina mama neno langu ni jingine. Mwalimu wa kike akistaafu, mara nyingi hakosi kazi, bali huzidishiwa. Watoto humletea wajukuu wote, wakasema, "Mama sasa ana nafasi." Wajukuu ni furaha, lakini naye aulizwe, wala asipangiwe. Huyu labda haja yake si mtu wa kumngoja. Huenda ni saa moja ambayo hangojwi na mtu.

Na ninyi watoto, msimfanye baba yenu mlinzi wa nyumba na mpokeaji wa vifurushi. Mwulizeni shauri, kisha lifuateni mara mojamoja. Maana mzee anajua akiulizwa kwa heshima tu.

Sisemi kwamba mashauri haya yaponya kila kitu. Yuko mstaafu ambaye malipo yake hayafiki mwisho wa mwezi, na yuko ambaye miguu imekataa. Huyo usimwambie atafute kazi ya kujitolea. Nenda kwake wewe. Jiwekee siku, kila Alhamisi au kila Jumamosi, naye aijue. Hapo ni yeye atakayekungoja wewe, na kungoja nako ni sehemu ya kuishi.

Jumatano iliyopita nalipita kwenye ua ule wa kikoba saa kumi na moja kasoro dakika tano. Mzee alikuwa amekwisha kufika, amevaa shati lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Nikamwamkia, kisha nikamwuliza kwa utani, "Unamngoja nani, mzee?" Akatazama saa yake, akasema, "Akina mama. Wamechelewa."

Basi nawaageni mpaka mwezi ujao. Wasalaam.