Shukrani mwachie mwenyewe

NENO LA UANI
Na Zainabu Mwinyimkuu

Jirani yangu aligoma kupimwa nguo. Tulikuwa tunashona sare za harusi ya mpwa wake. Fundi alipozungusha futi kifuani, mama wa watu akarudi nyuma, akasema atavaa dera lake la zamani. Miezi saba kabla ya hapo alikuwa ameondolewa titi la kushoto kwa saratani.

Tukaona tumfariji: "Shoga, shukuru Mungu, uko hai." Akashukuru, akaaga. Harusini hatukumwona.

Kushukuru ni ibada, lakini siku ile tulikugeuza kufuli. Mwanamke akitaka kusema kwamba kanga haimkai tena kifuani, kwamba anaoga taa imezimwa, kwamba tangu atoke hospitali hajavua nguo mbele ya mumewe, tunamwambia yu hai. Basi hunyamaza, asije akaonekana anakufuru.

Na ana mengi ya kusema. Dawa za saratani zinaweza kupukutisha nywele, na baadhi hufanya kucha kuwa nyeusi. Tezi za kwapani zikiondolewa, mkono unaweza kuvimba hata blauzi ikagoma kuingia. Aliyekuwa na matiti makubwa akabaki na moja, uzito huelemea upande, bega na mgongo vikauma. Anayeyaita hayo mambo ya urembo tu hajawahi kuyabeba.

Msaada mwingine uko karibu. Rwanda na Kenya wapo wanawake waliopitia ugonjwa huu ambao sasa wanafuma matiti bandia kwa nyuzi, mepesi na ya kufulika. Fundi wa mtaani anaweza kushona mfuko wa kulishikilia ndani ya sidiria. Wala si lazima: mshairi wa Marekani Audre Lorde, aliyeondolewa titi mwaka 1978, alikataa la bandia. Mwenye kuamua ni mwenye kifua.

Maamuzi hayo yaanze kabla ya kisu. Mwaka 2002, watafiti wa Marekani na wa Italia walitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka 20: wenye uvimbe mdogo walioondolewa uvimbe tu, kisha wakapigwa mionzi, waliishi sawa na walioondolewa titi zima. Lakini hiyo ni bahati ya aliyewahi. Kwetu wengi hufika uvimbe umeshakomaa, na baadhi walichelewa kwa kuogopa kukatwa. Hofu ya kulipoteza titi ndiyo inayolipoteza.

Kwa hiyo daktari aseme mapema mwili utakavyobadilika, na mume aitwe asikie, asije akakutana na kovu chumbani bila kujua aangalie wapi. Sisi majirani nasi tujifunze. Ukienda kumjulia hali, shukrani mwachie mwenyewe. Wewe muulize nguo zinamkaaje, kisha keti umsikilize.