Ukaguzi wa magurudumu Faza usisubiri ajali

NI dhahiri kwamba bodaboda imerahisisha maisha katika kisiwa cha Pate. Abiria anayeshuka mashuani Mtangawanda hahitaji tena punda ili kufika Siyu au Faza. Serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, biashara hiyo ilienea nchini kote, visiwani kukiwemo.

Hata hivyo, mazingira ya kisiwa ni adui wa gurudumu. Hewa ya bahari ina chumvi, nayo hula spoki, nati na ekseli. Spoki moja ikikatika, zilizosalia hubeba mzigo wake hadi rimu ikapinda.

Aidha, waendeshaji hupunguza upepo ili tairi lisizame mchangani. Wakifika penye ardhi ngumu bila kuurejesha, tena wamepakia abiria wawili na gunia, ubavu wa tairi hukunjika kila linapozunguka. Joto hupanda, nyuzi za ndani hukatika, na tairi huweza kupasuka ghafla.

Uzee nao hauonekani kwa macho, kwani mpira huchoka hata meno yakiwa mazima. Kwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, mnunuzi atazame tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Athari za uzembe huu ni kubwa kuliko bara. Majeruhi anayehitaji matibabu katika Hospitali ya King Fahd mjini Lamu hana budi kuvuka bahari kwanza, na huenda maji yamekupwa au ni usiku wa manane.

Sheria ya mwaka 2012 iliyounda Mamlaka ya Usalama na Uchukuzi Barabarani (NTSA) inahusu Faza sawa na Nairobi. Lakini cheti cha ukaguzi hakikazi nati iliyolegea leo asubuhi. Vyama vya bodaboda viweke kipimo cha upepo kila kituoni. Kila mwendeshaji apime tairi likiwa baridi, agonge spoki, atikise gurudumu na kukaza nati. Serikali ya Kaunti nayo ipeleke wakaguzi kisiwani badala ya kungoja pikipiki zivushwe.

Nahodha wa Faza hatweki tanga kabla ya kutazama ngama. Mwenye pikipiki naye asiwashe injini kabla ya kutazama magurudumu.