Seva Yetu, au Jina Letu?



Kuna rai inayozunguka katika vikundi vyetu hapa Lusenda: tuiache WhatsApp, tununue kompyuta ndogo, tuweke seva yetu wenyewe ya ujumbe, nasi tutakuwa huru. Nusu ya rai hiyo twaikubali. Tarehe 4 Oktoba 2021 kampuni moja ilikosea mitambo yake, na kwa saa zipatazo sita WhatsApp ikanyamaza dunia nzima, kwa kuwa wote tumepanga nyumba moja. Mfumo wa XMPP, ulioanza mwaka 1999, hufanya kazi kama baruapepe: mwenye anwani katika seva moja humwandikia wa seva nyingine, na ikianguka moja, nyingine husimama.

Nusu ya pili twaipinga waziwazi. Seva haina Jumapili. Hula umeme usiku na mchana, nasi twategemea sola ambayo wakati wa mvua haitoshi hata simu. Nani atatunza nakala? Nani atasahihisha programu kila kasoro inapogunduliwa? Jibu mwalijua: kijana mmoja hodari, naye akienda Bukavu kusoma ataondoka na neno la siri.

Tena, kati yetu wamo ndugu waliokimbia Burundi tangu mwaka 2015. Ujumbe waweza kufumbwa hata mwenye seva asiusome; hata hivyo huona nani anaongea na nani, na saa ngapi. Je, habari hizo tuziweke katika chumba chenye kufuli moja, bila kuwauliza wenyewe?

Wala asitudanganye mtu kuwa seva ya nyumbani ingetuokoa Serikali ilipofunga intaneti kuanzia 31 Desemba 2018, kwa karibu majuma matatu. Hata Baraka tusingeifikia.

Kinachopaswa kuwa chetu ni jina la anwani. Tulisajili kwa jina la kikundi, tulilipie kila mwaka (mchango wa harusi moja watosha na kubaki), funguo zake washike watu wawili. Kisha tutafute mtoa huduma anayekubali jina hilo na kueleza wazi anahifadhi nini, kwa muda gani. Akituangusha, twahama na jina letu, na anwani hazibadiliki. Muulizeni kabla ya kulipa kama atawakabidhi orodha zenu siku mtakapohama. Akisitasita, nendeni kwa mwingine.