Mnataka Rolakosta Lamu? Anzeni na Jaketi

Wadau, hii komenti imenichosha: "Lamu imelala, tuletewe rolakosta kama Dubai." Mnaona klipu ya Dragon Gliders pale Motiongate, ile ambayo behewa linaning'inia chini ya reli, basi mate yanawatoka.

Sasa niwaulize: mnatamani hofu? Hofu si tunayo bure! Panda boti kutoka Amu kwenda Pate kusi ikivuma, imejaa watu, magunia na mitungi ya gesi, halafu uniambie nani anahitaji rolakosta.

Kile mnachokitamani bila kujua ni usalama. Rolakosta ni hofu ya kununua. Unapiga kelele, lakini kifungo cha kiti hakifunguki mpaka ufike kituoni. Magurudumu yameshika reli juu, ubavuni na chini. Behewa la mbele likikwama, la nyuma linasimamishwa. Na kila asubuhi, kabla mteja hajaingia, fundi ameshaikagua.

Tena ikisumbua, inafungwa. Mwaka 1981 Wamarekani walizindua The Bat huko Kings Island, Ohio, mojawapo ya rolakosta za kwanza za kisasa za kuning'inia. Watu waliipenda sana. Ila iliharibika mara kwa mara, na 1983 ikafungwa. Mchezo tu huo, wa kufurahisha watu, na bado walisema basi.

Sisi je? Mwaka 1994 feri ya Mtongwe ilizama Mombasa ikiwa imejaa kupita kiasi, watu 272 wakafa. Mwaka 2011 Spice Islander ikazama ikitoka Unguja kwenda Pemba, nayo imejaza kupita uwezo wake. Na bado leo napanda boti, naona jaketi za kuokolea zimefungwa kamba juu ya paa kama mapambo. Ukiuliza, unaangaliwa kama mwoga. Mzee mmoja ananiambia, "Mwanangu, ajali haina kinga."

Shikamoo mzee, lakini hapana. Kinga ipo, iko pale juu ya paa.

Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Mimi ni mtoto wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi. Hapa fundi hashushi chombo majini bila kalafati. Anapita ubao kwa ubao, anaziba kila mwanya, na akiona pana shaka anarudia. Hakuna anayemwita mwoga. Sasa mbona chombo tunakijali kikiwa nchi kavu, halafu kikishapakia mama zetu na wanafunzi tunasema tawakkal? Hata kutawakali, ngamia hufungwa kwanza.

Chuo niliacha, lakini hesabu hii haitaki digrii: jaketi ishirini, abiria arobaini, ishirini watabaki mikono mitupu.

Kwa hivyo vijana, kabla ya kudai rolakosta, daini hili. Ukipanda, omba jaketi, na uivae. Hesabu watu. Boti imejaa? Shuka, na wenzako washuke. Nahodha atalalamika leo, kesho atapakia wachache. Na simu hizo mnazorekodia machweo, rekodini pia boti iliyojaa.

Siku kila abiria wa Lamu atakapovuka amevaa jaketi, nitakuwa wa kwanza kupiga kampeni tuletewe rolakosta. Hata niitwe mshamba, sijali.