Vipande vya bikwembe si takataka

Kwenye masoko ya Kasongo na Kabambare, mafundi wa kushona wanatupa vipande vingi vya bikwembe. Mama akiviokota na kuviunga kuwa shuka, wengine wanamcheka: "Ni mchezo tu." Mimi nasema hapana.

Kikwembe cha yadi 6 ni bei kali. Vipande tunaweza kuomba. Tuvifue kwanza, tuvikate kwa kipimo kimoja cha karto, tuache nafasi ya mshono.

Kinachokosekana ni uzi, sindano na mtu wa kuonyesha. Mbegu tunanunua pamoja. Basi na uzi pia! Kiangazi, kazi ya shamba ikipungua, mama mwenye kujua afundishe wenzake. Hata asipouza shuka, watoto hawatalala na baridi.