Ulimi Mzito na Moyo Wenye Hofu

Msimu uliopita mkulima mmoja wa upande wa Mutomo alileta magunia matatu ya ndengu sokoni Kitui. Bei aliyoikusudia moyoni ilikuwa shilingi 110 kwa kilo, na njia nzima, ndani ya matatu, alikuwa akiikariri kimya kimya. Alipofika mbele ya mnunuzi, naye mnunuzi akamwuliza, "Wauza ngapi, mzee?" midomo yake ilishikamana kwenye herufi m ya "mia", ikakataa kufunguka. Watu waliokuwa nyuma yake wakaanza kutazama. Mnunuzi naye akatazama saa yake. Basi yule bwana akatafuta neno jepesi, nalo likatoka bila taabu: "Tisini!" Mizani ikapigwa, fedha zikahesabiwa, akaenda zake. Kila gunia lilikuwa na kilo 90. Msomaji aliye hodari wa hesabu ataona kwamba herufi moja ilimgharimu shilingi 5,400 kabla ya saa nne ya asubuhi.

Jina lake nalificha, kwa kuwa ni jirani yangu, tena aliniruhusu kusimulia kwa sharti hilo.

Wengi wetu twadhani kwamba kigugumizi ni kule kurudia-rudia sauti tu. Hiyo ni sehemu ndogo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Joseph Sheehan, ambaye naye alikuwa na kigugumizi, alikifananisha na mlima wa barafu ueleao baharini, ambao sehemu yake kubwa imezama majini. Sisi wa Ukambani hatuna barafu, lakini vichuguu tunavyo tele. Lundo la udongo ndilo tulionalo. Vyumba, njia na malkia mwenyewe vimo chini. Vivyo hivyo, chini ya neno lililokwama mna hofu, aibu na hila nyingi ambazo msikilizaji hazioni. Mwenye kigugumizi huwa bingwa wa kukwepa. Namjua karani mmoja mjini Wote apandaye ngazi mara tatu kwa siku kupeleka habari ambayo simu ingeipeleka kwa dakika moja. Watu husema ni mtu wa bidii. Yeye ajua kwamba anaikimbia simu.

Na neno gumu kuliko yote mara nyingi ni jina la mtu mwenyewe, kwa sababu jina halina badala yake. Katika nchi hii ya akina Mutua, Musyoka, Mwende na Mumbua, ambamo nusu ya orodha ya darasa huanza kwa midomo kufumbwa, fikirini taabu ya mtoto anayengojea zamu yake ya kuitika na kujitaja!

Sasa tutazame asili yake, maana hapa ndipo maneno mengi ya uongo yanapozaliwa. Kigugumizi kwa kawaida huanza mtoto akiwa kati ya miaka miwili na mitano, wakati aanzapo kuunganisha maneno. Watoto wapatao 5 katika kila 100 huipitia hali hiyo, na walio wengi huachana nayo. Kati ya watu wazima hubaki karibu 1 katika kila 100, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Hufuata ukoo. Mwaka 2010 wachunguzi wa Marekani, akiwamo Dennis Drayna, walitangaza kwamba wameona kasoro katika chembe za urithi za baadhi ya watu wenye kigugumizi. Picha za ubongo nazo zimeonyesha tofauti katika njia ziongozazo usemi. Kwa hiyo si kulogwa, wala si uvivu, wala si kosa la mama aliyemtekenya mtoto mno. Wala si kwa sababu mtoto anachanganya Kikamba, Kiswahili na Kiingereza, kama nilivyosikia mzee mmoja akisisitiza kwa ukali kwenye baraza.

Kama ni hivyo, moyo una kazi gani? Yapasa tuseme kwa uangalifu. Hofu haikukileta kigugumizi, na kwa hiyo kumwambia mtu "jipe moyo tu" ni sawa na kumwambia mwenye mguu mfupi ajipe moyo urefuke. Walakini hofu ndiyo kuni zake. Mtu huliona neno gumu likija kwa mbali, kama vile dereva aonavyo shimo barabarani. Hukaza koo, huzuia pumzi, hubana midomo, na kwa kukaza hukwama, na kwa kukwama husema moyoni, "Nilijua!" Kesho yake hofu imeongezeka kimo. Mtu huyohuyo mwendee nyuma ya boma anapozungumza na ng'ombe wake, utamsikia akitiririka kama mto Athi wakati wa masika. Msikie katika mwethya, wakati watu wanapochimba matuta huku wakiimba, au kanisani katika kwaya: hakwami hata mara moja. Ni kweli kwamba wimbo una mwendo wake ubebao sauti, na kuimba pamoja si sawa na kusema peke yako. Lakini ng'ombe hana wimbo. Sifa yake ni moja tu, kwamba hacheki wala hatazami saa.

Desemba 1924 aliteremka Mombasa mwana wa pili wa mfalme wa Uingereza, Duke wa York, pamoja na mkewe, wakaja Nairobi kwa gari la moshi, kwa reli ile ipitayo Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud. Katika mabwana wote waliopata kupita katika nyika ile ya Makueni kwa fahari, labda hakuna aliyekiogopa kinywa chake kuliko huyu. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Oktoba 1925, alipaswa kuhutubia huko Wembley, na hotuba ile ilikuwa mateso kwake na kwa waliomsikiliza. Mwaka 1926 akamwendea Lionel Logue, mtu wa Australia ambaye hakuwa daktari. Logue alimfundisha kupumua, akampa mazoezi ya kila siku, akayaondoa maneno magumu katika hotuba zake. Lakini kabla ya yote alimfanya aamini kwamba hali yake yaweza kutengenea. Desemba 1936 mtu huyo akawa Mfalme George wa Sita bila kutazamia, na tarehe 3 Septemba 1939 akawatangazia watu wake vita kwa redio, Logue akiwa chumbani pamoja naye. Sauti ile ilihifadhiwa. Ukiisikiliza leo utasikia vituo virefu kati ya maneno. Hakupona. Alijifunza kusema pamoja na kigugumizi chake, akaendelea hivyo mpaka alipofariki tarehe 6 Februari 1952, binti yake akiwa huku kwetu Kenya, upande wa Nyeri.

Kisa cha pili si cha fahari. Mwaka huohuo wa 1939, katika jimbo la Iowa, Marekani, profesa Wendell Johnson na mwanafunzi wake Mary Tudor walichukua watoto yatima 22. Baadhi yao, waliokuwa wakisema vizuri kabisa, waliambiwa kwamba wanaanza kuwa na kigugumizi, na kwamba wajihadhari wasiseme mpaka wawe na hakika ya kusema sawasawa. Waliozitazama habari hizo baadaye walieleza kwamba watoto hao hawakupata kigugumizi cha kweli. Walichopata ni woga: wakawa wakimya, wakajikunyata, wakakataa kusoma darasani. Chuo Kikuu cha Iowa kiliomba radhi mwaka 2001, wakati waliosalia walikuwa wazee.

Nakitaja kisa hiki kwa ajili ya wazazi na walimu wetu, maana maneno yale waliyoambiwa yatima hao sisi twawaambia watoto wetu kila siku, tena kwa upendo. "Pole pole!" "Vuta pumzi kwanza!" "Anza tena!" Baba mmoja alinieleza kwa majivuno kwamba humalizia mwanawe kila neno ili asiaibike. Bwana huyu adhani anasaidia. Mtoto husikia kwamba mlango wake umefungwa na mwingine amepita. Ni afadhali kumtazama usoni kama umtazamavyo mwingine yeyote, kungojea, kisha kujibu lile alilolisema na kuacha namna alivyolisema. Mwalimu naye asimruke kwenye zamu ya kusoma. Amsomeshe kwanza pamoja na mwenzake kwa sauti moja, ambako kwa kawaida atasoma bila kukwama, kisha siku nyingine mistari miwili peke yake. Na wale wanaomwiga na kucheka wakanywe mara moja.

Kama mtoto ameendelea hivyo miezi kadhaa, heri apelekwe kwa mtaalamu wa usemi mapema, kwa kuwa utotoni ndipo msaada ufanyapo kazi zaidi. Najua wataalamu hao ni wachache katika Kenya, na wengi wako Nairobi. Kutoka Mwingi au Kibwezi ni safari na nauli.

Na mtu mzima? Jirani yangu wa ndengu nilimpa shauri ambalo wataalamu huwapa watu wao, nami nikiwa na wasiwasi kidogo kama litafaa sokoni. Nilimwambia alitangaze jambo lake kwanza, kabla hofu haijapata nafasi ya kulificha. Tena aliachie neno gumu likwame polepole, bila kulikimbia wala kulisukuma. Akafanya mazoezi na mkewe jioni, mke akiwa mnunuzi, na inasemekana mnunuzi mkali kuliko wale wa Nairobi.

Aliporudi sokoni na gunia moja lililobaki, alisema, "Bwana, mimi nina kigugumizi, ningojee." Mnunuzi akangoja. Herufi ile ikakwama, ikakaa, ikatoka: "Mmm-mia na kumi." Mnunuzi akasema mia. Wakapatana mia na tano.