Tumpime Mgonjwa Kabla ya Picha

Kuna kauli mbili zilizozoeleka katika vyumba vya daktari: "pingili zimesagika" na "diski imeteleza." Zote husemwa kwa nia njema, na zote humdhuru msikiaji. Aliyeambiwa pingili zimesagika huuona mgongo wake kama jiwe la kusagia lililolika. Huacha jembe, huogopa kuinama, hulala. Aliyeambiwa diski imeteleza hungoja mtu wa kuirudisha mahali pake, na hawakosekani wa kujitolea kumkanyaga mgongo.

Diski haitelezi. Imeshikamana barabara na pingili ya juu yake na ya chini yake. Ni mfano wa mto wenye kiini laini, kilichozungushiwa tabaka za nyuzi ngumu. Kadiri umri unavyosonga kiini hupungukiwa maji na nyuzi hulegea. Pengine nyuzi hupasuka, kiini kikapenya nje na kuubana mzizi wa mshipa wa fahamu. William Mixter na Joseph Barr wa Boston walilieleza jambo hili mwaka 1934, na tangu hapo waganga wamekuwa wepesi wa kuishuku diski katika kila mgongo unaouma. Kipimo cha MRI kimeuzidisha wepesi huo.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya picha za MRI za watu 98 wasio na maumivu ya mgongo. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyotutumka, na asilimia 27 walikuwa na diski iliyochomoza. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2015 yalikadiria kuwa, miongoni mwa wasioumwa, dalili za kuchakaa kwa diski huonekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa wengi, basi, hizi ni mvi za mgongo.

Wenzangu husema mgonjwa mwenyewe ndiye adaiye picha. Naamini huidai kwa sababu hakuguswa. Alieleza maumivu yake akiwa kitini, akaandikiwa kipimo cha hospitali kubwa ya mbali, akauza mbuzi apate nauli na malipo. Angelazwa chali kitandani, mguu wake ulionyooka ukainuliwa taratibu, tungejua mengi: maumivu yakishuka kupita goti, mzizi wa mshipa hushukiwa. Akishindwa kuinua kidole gumba cha mguu dhidi ya mkono wa daktari, au kusimama kwa ncha za vidole vya mguu mmoja, tunakaribia kujua ni mzizi upi. Haya hayahitaji hata umeme. Picha hupata maana pale inapokubaliana nayo, na huhitajika hasa upasuaji unapofikiriwa au hatari inaposhukiwa. Wengi wenye diski iliyoubana mshipa hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu, wakiendelea kutembea na kufanya kazi kadiri wawezavyo.

Hatari nazo zipo, na hapo sitetei kungoja. Homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo yasiyotulia hata kwa kulala vitukumbushe kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho katika nchi zetu hakijatoweka. Aliyewahi kuugua saratani, aliyeanguka, na ambaye mguu wake unazidi kulegea siku hadi siku, wachunguzwe mapema.

La dharura kuliko yote ni ganzi katika sehemu za siri na sehemu zigusazo kiti tukaapo, au mkojo kugoma, au haja kutoka bila kujua. Huyu apelekwe hospitali yenye upasuaji siku hiyo hiyo, maana saa zinazopotea zaweza kumwacha na ulemavu wa kudumu. Wagonjwa wengi huona haya kulitaja, hasa mbele ya jamaa waliowasindikiza. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati awaombe jamaa watoke kidogo, aufunge mlango, aulize kwa maneno ya wazi: unakojoa vizuri? Ukijisafisha, unahisi mkono wako?